Wapiga mbizi wanaokataa mfumo mmoja si wazembe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu wapiga mbizi wanaokataa kufuata mfumo mmoja wa vifaa na taratibu, ambayo mwandishi wake aliwagawa watu hao katika mafungu mawili tu, la wazembe na la wabishi. Mimi nimeutumia mfumo huo kwa miaka kadhaa, kisha nikauacha, na hata leo karibu nusu yake naingia nayo majini kila ninaposhuka. Kwa hiyo siandiki kama adui wake. Ninachokipinga ni sababu walizobandikwa wanaoukataa, kwa kuwa ninawafahamu wengi wao na sababu zao nimezisikia kwa masikio yangu.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kubeba mtungi wa hewa, mfumo wenyewe unajulikana kwa kifupi cha Kiingereza, DIR (Doing It Right), ambacho kwa lugha yetu tungekiita Kufanya Ipasavyo. Ulikulia katika mapango yaliyojaa maji ya kaskazini mwa Florida, Marekani, miongoni mwa watafiti wa WKPP (Woodville Karst Plain Project), mradi wa kuyachunguza mapango hayo, waliokuwa wakiingia kilomita kadhaa chini ya ardhi kupitia chemchemi ya Wakulla, kwenye kina cha mita 90 hivi. Humo mtu akipatwa na shida hawezi kukimbilia juu, kwa sababu juu yake ni mwamba. Njia ya kutokea ni ileile aliyoingilia, na urefu wake haupungui kwa kuwa yeye ana haraka. Mwaka 1991 Parker Turner, aliyekuwa kiongozi wa mradi huo, alifia katika pango la Indian Springs. Miaka iliyofuata uongozi ulifika mikononi mwa George Irvine, mtu mwenye ulimi mkali, ambaye aliushikilia na kuutangaza mpangilio mmoja wa vifaa uliotokana kwa sehemu kubwa na mazoea ya mpiga mbizi William Hogarth Main, aliyekuwa hapendi kubeba kitu asichokihitaji. Mwaka 1998 Jarrod Jablonski akaanzisha shirika la mafunzo ya kupiga mbizi la GUE (Global Underwater Explorers), na mafunzo yakatoka mapangoni yakaenda baharini, katika maziwa, na kwenye meli zilizozama. Mwaka 2007 yeye na mwenzake Casey McKinlay walipita chini ya ardhi kutoka Turner Sink hadi Wakulla, umbali wa kilomita 11 hivi. Sijui mtu mwenye akili timamu anayeweza kuitazama safari ile akasema mfumo uliowafikisha ng'ambo haufai.

Na kwa kweli unafaa. Kifaa chake kinachojulikana zaidi ni mpira mrefu wa kupitishia hewa, wa futi saba, yaani mita mbili na ushei, unaotoka kwenye koki ya kulia ya mitungi ya mgongoni, ukashuka ubavuni, ukapanda kifuani na kuzunguka nyuma ya shingo hadi mdomoni. Kipumulio cha akiba kinaning'inia chini ya kidevu kwa uzi wa mpira. Mwenzako akiishiwa hewa, unampa kile unachokipumua mwenyewe, kisha unakichukua kile cha chini ya kidevu. Yapo mashirika mengi yanayofundisha kinyume chake, kwamba mwenye shida achukue kipumulio cha akiba chenye mpira wa manjano kilichobanwa ubavuni mwa mwenzake, na mimi nilifundishwa hivyo mwanzoni. Siku moja, kwenye mita 27, mtu ambaye hata hatukuwa tumeshuka pamoja alinijia akiwa amekodoa macho, akaupita ule wa manjano kama haupo, akaning'oa kipumulio changu mdomoni. Mwenye kukosa hewa hatafuti rangi. Anakwenda kwenye kile anachokiona kinatoa mapovu. Tangu siku hiyo sijawahi kushuka bila mpira mrefu, na sidhani kama nitaacha.

Sasa kama vipande vyake ni vizuri hivi, kwa nini watu wanaukataa? Mwandishi wenu hakulijibu swali hili kwa sababu aliutazama mfumo kama orodha ya vifaa. Wafuasi wake hawautazami hivyo. Kwao mpira, bamba la chuma la mgongoni, mkanda mmoja usiokatika wala kuwa na kifungo cha kufungua haraka, taa inayoshikwa mkono wa kushoto, namna ya kupiga miguu kama chura ili tope lisitibuke, michanganyiko ya gesi iliyokwisha kupangwa, idadi ya watu katika kikosi, hata marufuku ya kuvuta sigara katika shirika la GUE, vyote ni mwili mmoja. Hoja yao ina mantiki. Nikiwa gizani, nisione hata kiganja changu, ninatakiwa niweze kuupeleka mkono kwenye mwili wa mwenzangu na kuikuta koki, kisu, au kamba pale pale ilipo kwangu. Hilo haliwezekani kama kila mmoja amechagua vipande anavyovipenda. Nguvu ya mfumo imo katika kutogawanyika kwake, na mwalimu yeyote wa haki atakwambia mapema kwamba huwezi kuuchukua nusu ukauita kwa jina lake.

Hapo ndipo kukataa kunapozaliwa, Mhariri. Kitu kisichogawanyika hukubaliwa chote au hukataliwa chote. Mtu anayekwama kwenye kipengele kimoja tu, kwa sababu ya mwili wake, au ya maji anayoingia, au ya kazi anayokwenda kuifanya humo, hana mlango wa katikati. Atasimama upande wa waliokataa, hata kama vipengele vingine vyote anavikubali na kuvitumia.

Nitaeleza kwa mfano wangu mwenyewe. Katika mfumo huu mpiga mbizi wa kina hubeba mitungi miwili mgongoni, iliyounganishwa juu kwa bomba lenye koki tatu, moja kulia, moja kushoto, na moja katikati inayoitenga mitungi hiyo. Koki ikianza kuvujisha hewa unatakiwa uifunge mwenyewe, kwa mkono unaopanda nyuma ya kichwa, huku mwili umelala sawasawa majini bila kupanda wala kushuka. Ni zoezi linalorudiwa mpaka linakuwa kama kufunga kamba za viatu: unafunga ya kulia, unapumua mpaka hewa inakuwa nzito kisha inakatika, unahamia kipumulio cha chini ya kidevu, unaifungua tena, unakwenda ya katikati, kisha ya kushoto. Nililifanya mara zisizo na hesabu. Kisha nilianguka ngazini nikaumia bega la kulia, na lilipopona, lilipona likiwa fupi. Vidole vyangu vinakwenda nyuma ya kichwa vikaishia upana wa vidole viwili kabla ya koki ya kulia. Nilijaribu kupandisha mitungi, nikalegeza mikanda, nikafanya mazoezi ya kunyoosha miezi minane. Vidole viwili vilibaki vidole viwili.

Mwalimu aliyekuwa akinifundisha, mtu mwema asiye na majivuno, alinieleza bila kuzungusha kwamba hawezi kunipitisha, kwa kuwa mwenzangu atakuwa ananitegemea kwa jambo ambalo siliwezi. Alikuwa na haki. Nikahamia kwenye mitungi ya ubavuni, ambayo kila mmoja unaning'inia chini ya kwapa na koki yake iko mbele ya macho yangu. Naifunga kwa kuunyoosha tu mkono kidogo, tena naona mapovu yanatoka wapi. Kwa bega langu huo ndio usalama. Lakini kwa kipimo cha mfumo kama nilivyofundishwa nimekwisha kutoka, na katika hesabu ya mwandishi wenu nimeingia fungu la wazembe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo wanaoukataa kwa sababu ya maji. Chukua mapango ya Uingereza, ambako wapiga mbizi walianzisha chama chao cha mapangoni, Cave Diving Group, mwaka 1946, nusu karne kabla ya watu kuanza kubishana kuhusu DIR. Mapango yale si kumbi za chemchemi zenye maji angavu kama ya Florida. Mara nyingi mtu hutambaa pangoni pakavu akiburuta mitungi yake, akafika kwenye kidimbwi cha maji ya rangi ya chai, akapita chini yake kwenye upenyo unaomtosha yeye peke yake, akiwa na mkono mmoja juu ya kamba kwa sababu macho hayana kazi. Katika upenyo kama huo, mwenzi anayekufuata hawezi kukufikia ubavuni akupe hewa, hawezi kuona ishara yako, na ukitaka kurudi, yeye ndiye kizibo kilichoko mlangoni. Kwa hiyo watu wale waliamua zamani kwamba kila mmoja aingie akijitosheleza, na mitungi miwili isiyounganishwa, kila mmoja na kipumulio chake, na mara nyingi aingie peke yake. Mitungi ya ubavuni yenyewe imetokana na mapango ya namna hiyo. Ukimwambia mtu wa aina hii kwamba kushuka bila kikosi ni utovu wa nidhamu, atakutazama tu, kwa kuwa nidhamu yake yote imejengwa juu ya kutomtegemea mtu ambaye maumbile ya pango yamekwisha kumzuia asifike.

Wapo pia wa mashua ndogo za mpira, ambao wakimaliza kupiga mbizi hulazimika kuvua mzigo wao majini, wauinue mashuani, ndipo nao wapande. Mkanda mmoja usio na kifungo, unapokuwa umevaa nguo nene ya baridi na mawimbi yanakupiga ubavuni, si rafiki. Wenye mfumo watasema ni suala la mazoezi, na kwa wengi ni kweli. Wapo wapiga picha, ambao mikono yote miwili imeshikilia kamera na ambao huweza kukaa dakika 40 mbele ya jiwe moja wakimngoja kaa atoke. Hakuna kikosi kitakachovumilia hilo, na mpiga picha mwenyewe hataki kuwa mzigo kwa wenzake. Hawa nao huchagua kushuka peke yao wakiwa na chanzo cha pili cha hewa kinachojitegemea, na yapo mashirika yanayotoa mafunzo rasmi ya jambo hilo. Mnaweza kutokubaliana nao. Mimi mwenyewe kwenye jambo la kushuka peke yangu bado moyo wangu unasita. Lakini mtu aliyesomea, akabeba hewa ya ziada, akapanga kina na muda wake, huwezi kumwita mzembe.

Suala la gesi linahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu hapo hekima ya mfumo na ugumu wake vinaonekana pamoja. Wafuasi wake hawapumui hewa ya kawaida wanaposhuka. Hadi mita 30 hutumia mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32. Kupita hapo heliamu huongezwa ili nitrojeni isilevye akili. Na oksijeni tupu hupumuliwa kuanzia mita 6 kwenda juu tu, kwa kuwa chini zaidi ya hapo inaweza kuleta degedege, na degedege majini ni kufa maji. Kila mtungi huandikwa kwa tarakimu kubwa kina chake cha mwisho, ili hata mwenzako aliyeko ubavuni akisome kabla hujakiweka kipumulio chake mdomoni. Utaratibu huo wa kuandika ningependa uigwe na kila mtu. Lakini heliamu ni ghali na kuna mahali haipatikani kabisa, na mashirika mengi makubwa huwaruhusu wanafunzi wao wenye mafunzo ya kina kufika mita 40 kwa hewa ya kawaida. Mpiga mbizi anayetaka kuiona meli iliyolala mita 38, naye yuko mahali pasipo na heliamu, anaambiwa na mfumo asiende. Wengine husema sawa, siendi. Wengine huenda, wakiwa wanajua wanachokibeba kichwani. Uamuzi wao wa pili unaweza kuwa mbaya, nami nimewahi kulewa nitrojeni kiasi cha kusoma saa yangu mara tatu bila kuelewa imeniambia nini. Hata hivyo ni uamuzi, wala si kutojua.

Kisha kuna jambo ambalo waumini wa mfumo hawapendi likumbushwe. Kwa miaka mingi wengi wao walizikataa kompyuta za kupigia mbizi, zinazovaliwa mkononi kama saa na kumhesabia mtu muda wa kupanda, wakafundisha watu wakokotoe kichwani muda wa kupanda, na wakasisitiza vituo vya kwanza vya kusubiri njiani wakati wa kupanda viwe chini sana, kwenye kina kirefu, kwa imani kwamba mapovu ya gesi mwilini yangezuiwa mapema. Mwaka 2011 kikosi cha utafiti cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichapisha matokeo ya jaribio lililowashusha watu kwenye kina cha takriban mita 52 kwa dakika 30, kisha kikawapandisha kwa njia mbili zenye jumla sawa ya muda wa kusubiri, moja ikiwa na vituo vya kina kirefu na nyingine vya kina kifupi. Waliosubiri kina kirefu ndio waliougua zaidi ugonjwa wa mgandamizo, ule unaoletwa na mapovu hayo ya gesi mwilini, na jaribio likasimamishwa kabla ya mwisho wake. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Hata walio nje ya mfumo tuliamini vivyo hivyo, na mimi nimesubiri kwenye vituo hivyo nikijiona mjanja. Ninachosema ni kwamba yule mzee aliyekuwa akiambiwa hajui kitu kwa sababu anafuata kompyuta yake, kumbe kwenye hilo alikuwa salama zaidi kuliko waliomfundisha adabu. Leo si ajabu kumwona mfuasi wa mfumo akiwa na kompyuta mkononi, na shirika la GUE, ambalo zamani lilijulikana kwa mashine za kupumulia zinazorudisha sehemu tu ya gesi iliyokwisha kupumuliwa ili ipumuliwe tena, sasa linafundisha pia zile zinazoirudisha yote. Mfumo umebadilika, na umefanya vyema. Ila kila ulipobadilika, kulikuwa na watu waliokwisha kuitwa wakosaji kwa jambo ambalo baadaye halikuwa kosa.

Neno hilo, kuitwa, halikunitoka kwa bahati mbaya. Nadhani jina la mfumo limeupotezea wafuasi wengi kuliko bamba la chuma lilivyowahi kufanya. Ukiuita utaratibu wako Kufanya Ipasavyo, umekwisha kumwambia mwenzako, kabla hamjasalimiana, kwamba yeye hafanyi ipasavyo. Irvine na wafuasi wake walikuwa na neno la matusi kwa kila asiyekuwa wao, na kanuni yao ya kwanza ilikuwa kutoshuka na mtu wa aina hiyo. Katika pango la mita 90 kanuni hiyo naielewa, kwa sababu humo mwenzi asiye na uhakika ni hatari tupu. Ilipoletwa kwenye miamba ya matumbawe ya mita 15, mbele ya watu waliokuja kutazama samaki, ikawa kejeli. Nimemwona kijana aliyemaliza kozi wiki moja kabla akimkagua mama mmoja mwenye miaka mingi ya kupiga mbizi, akamwonyesha kwa kidole kifungo cha plastiki kwenye mkanda wake na kumwambia kitamuua. Yule mama hakujibu. Alivaa mapezi yake, akaingia majini, na hadi leo hataki kusikia habari za mpira mrefu, kitu ambacho kingemfaa sana.

Mwandishi wenu ana haki katika jambo moja. Wapo kweli wazembe waliojificha nyuma ya hoja hizi, wanaosema mfumo ni gereza la fikra ilhali ukweli ni kwamba hawataki kufanya mazoezi. Hawa huwezi kuwachanganya na wengine ukiwasikiliza kwa dakika tano. Muulize anakataa kipengele kipi, na badala yake anaweka nini. Mtu wa mapango ya Uingereza atakueleza mpaka uchoke. Mpiga picha atakuonyesha mtungi wake wa ziada na jinsi anavyoufikia. Mzembe atakwambia kwamba amepiga mbizi miaka 20 na hajawahi kupata tatizo.

Ninaye rafiki ambaye yumo ndani ya mfumo kwa asilimia mia, na kikosi chake hakiruhusu mtu wa mitungi ya ubavuni katika safari zao za kina. Sijamlaumu, na yeye hajanibembeleza. Tukishuka wawili, tunashuka mahali pa mita 20 au pungufu, na kabla ya kuingia ananishika koki zangu moja moja huku nikimtajia kila moja inalisha kipumulio kipi, kisha anauvuta mpira wangu mrefu mpaka mwisho ahakikishe haukwami kwapani. Halafu anageuka, nami nanyoosha mkono wa kushoto, ulio mzima, nikague zake.

Wako,
Msomaji na mpiga mbizi